Mvua Mliyoiona Kutoka Angani

Karungu,
Januari 1998

Kwako ndugu yangu Wesley,

Mdogo wetu Helen amejifungua mtoto wa kiume, na mahindi yamepanda bei sana pale Kosele. Mama ni mzima. Tunalala darasani na majirani tangu Mto Kuja uingie nyumbani.

Barua yako ya Krismasi imefika. Unasema satelaiti yenu huko Ujerumani inapima mvuke ulio hewani, na kwamba tangu mwezi wa tisa mliona mvua kubwa ikija kwetu. Umeandika kwa furaha, kama mtu aliyepita mtihani. Mwezi wa kumi ulinipigia simu dukani, ukaniuliza habari za mpira! Ulishindwa nini kusema, "Damaris, wahamishe wazee"?

Baba alirudi kuwafungulia ng'ombe, maji yakamchukua. Hukupata habari kwa sababu simu zilikatika. Tulimzika mlimani, kwenye shamba la watu, kwani boma lake lilikuwa bado ndani ya maji.

Nilimsomea Mama barua yako. Akasema, "Mwambie arudi nyumbani, na asijilaumu."

Basi rudi. Hilo la pili ni neno la Mama, si langu.

Dada yako,
Damaris