Divai Uliyomletea Taata

Muleba,
9 Machi 1975

Kwako kaka yangu mpendwa Ildefons,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu hapa Muleba na kwa Mama kule Kanazi. U hali gani katika baridi hiyo ya Italia? Natumaini kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona na kazi ya kiwandani inakwenda. Mimi na watoto tunasukuma siku. Mvua imeanza vizuri.

Divai yako ilifika. Padri aliyekuwa likizoni kwao huko Italia aliifikisha Bilele kwa shangazi Ephrasia, chupa tatu zimeviringishwa kwenye sweta. Nilipanda basi kuzifuata, nikazipeleka Kanazi nikiwa nimezipakata kama mtoto mchanga.

Nilimsomea Taata barua yako, baba yetu akiwa amelala kitandani. Ulieleza kwamba hiyo si divai ya mabwana, bali ile ya bei nafuu wanayokunywa wafanyakazi kila siku na chakula, na kwamba aionje yote achague iliyo bora, maana hakuna anayejua kinywaji kumshinda. Alicheka mpaka akakohoa. Koo lile nililokuandikia lilikuwa limembana sana. Hata lubisi, pombe yetu ya ndizi aliyoipika maisha yake yote, ilikuwa inamuunguza.

Mama alikataa kuonja. Alisema divai ni ya altareni, na kuinywa huku unatafuna ndizi ni kutafuta laana. Jirani yetu Mzee Josia, Mlutheri asiyegusa pombe, alikubali kunusa tu. Ya kwanza, Taata alisema inakausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Ya pili inanuka kahawa mbivu iliyorundikwa bila kuanikwa. Ya tatu, ile nyeusi uliyosema ndiyo rahisi kuliko zote, ilipita kooni bila kumuumiza. Akafumba macho.

“Hii ndiyo,” akasema. “Hii mtu anaweza kuishi nayo.”

Tangu hapo Mama, pamoja na hofu yake, alikuwa akimnywesha kwa kijiko kila mchana. Halafu Taata akaagiza wazee wa ukoo waitwe, na Josia awe shahidi. Nilidhani anataka kuwaonjesha. Kumbe aliwaambia kwamba mtu aliyekwisha kupata kinywaji chake cha kila siku ugenini amekwisha kupata na kwake huko huko. Kwa hiyo kibanja chetu cha migomba na kiti chake cha mkuu wa nyumba vitakwenda kwa mdogo wetu Clavery, si kwako.

Nilimpinga mbele ya wazee, jambo ambalo binti hafanyi. Nilisema zawadi si kuaga. Alinishika mkono.

“Georgina, sina hasira naye. Nimeionja, ni nzuri. Mwacheni akae.”

Kaka, nimezunguka na habari za chupa kwa kuwa nilishindwa kuanzia hapa. Taata ametutoka, Jumanne ya wiki ya pili ya Kwaresima. Tumemzika kibanjani, kando ya Babu. Yeye mwenyewe alikataza usipelekewe simu. Alisema usikatishe kazi kuja kutazama udongo. Siku ya kumkalisha mrithi, Clavery alivikwa kanzu ya Taata, ikamfika chini kabisa. Alilia, akasema kiti ni cha kaka Ildefons. Wazee wakamwambia anyamaze, akae. Akakaa.

Sijui kama utarudi ukidai, au hutarudi kabisa. Ukija, mlango wangu uko wazi, na Clavery anasema hivyo hivyo. Mama hakulaumu. Ameniagiza nikuulize jambo moja tu, kwa kuwa kwetu mtu hanywi peke yake: huko mezani kwako, kuna anayekumiminia, au unajimiminia mwenyewe?

Shangazi na watoto wanakusalimu. Mungu akae karibu nawe unapoisoma barua hii, maana sisi tuko mbali.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Georgina