Umeona Nini Leo?

Edmonton, Uingereza, mwezi wa sita, 2006

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijui kuanza kwa namna nyingine.

Nimepata pasipoti ya huku. Miaka kumi na moja tangu unisindikize stendi ya Muheza na kile kisweta ulichodhani kingenitosha kwa baridi ya Ulaya. Nimekata tiketi ya mwezi wa nane, mimi na Tumaini, mjukuu wako ambaye hukumwona. Ana miaka sita. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa vizuri tu, ila anakujibu Kiingereza.

Nilidhani ningefurahi. Badala yake naogopa kuingia msitu wa Amani nikakuta hupo mbele yangu. Msitu ule nimeuona nyuma ya mgongo wako siku zote: shati la kaki, panga, na ule mkono uliouinua ghafla wageni uliowaongoza wasimame. Wao na darubini zao, wewe na kidevu chako, maana ulisema mnyama haonyeshwi kwa kidole. Tukirudi ulikuwa na swali moja tu kwangu: "Umeona nini leo?" Nikisema sijaona kitu, hukunigombeza. "Basi kaa chini." Nikae juu ya gogo mpaka nione.

Siku moja nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, nimenuna, ndipo hondohondo dume akatua kwenye mvule na tunda la kuyu mdomoni. Jike alikuwa amejifungia ndani ya tundu la mti kuatamia mayai, kaliziba kwa udongo, kabakiza ufa tu, na dume akamlisha kupitia hapo. Nikakuuliza, dume akifa je? Ukasema, "Atabomoa mwenyewe. Atachelewa, lakini atatoka."

Hata kwenye simu hukuuliza habari za Ulaya. Uliuliza nimeona nini. Ile siku ya mwisho nilikuwa nimetoka kuwaogesha wazee watatu, kiuno kinaniuma, kadi ya simu inakwisha, nikakujibu kwa hasira kidogo: "Sijaona kitu, Baba. Nyumba tu na mabasi." Ukacheka. "Basi kaa chini." Kadi ikakatika.

Wiki mbili baadaye kaka Hoza akapiga: Baba hatunaye. Pasipoti yangu ya zamani ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, nami nina mimba ya Tumaini. Ningeondoka, nisingerudi. Nikabaki. Wakakuzika bila mimi, na neno langu la mwisho kwako likawa kwamba sijaona kitu.

Nisamehe, Baba. Nilikuwa sijatazama.

Siku hizi natazama. Mbweha anapita nyuma ya mapipa ya taka mchana kweupe, hana habari na mtu. Kuna kasuku wa kijani. Wanasema walitoroka vizimbani, wakazaliana, na baridi hawaijali. Nikisimama ghafla njiani na kuinua mkono, watu wananigonga mgongoni. Nimekuwa kituko cha mtaa.

Jumapili nilimpeleka Tumaini bustanini. Nikamwuliza, umeona nini? "Nothing, Mum." Ikanitoka kabla sijafikiri: basi kaa chini. Akanuna, akakaa. Nikakaa naye. Bwawa, bata, mfuko wa plastiki unaoelea. Tukakaa weee. Halafu akanigusa goti, akainua kidevu. Ndege mrefu wa kijivu alikuwa amesimama kwenye matete, na nadhani alikuwepo muda wote. Habari ya kidevu sijawahi kumwambia, Baba. Nililia pale mpaka akanipa mkono wa sweta lake nijifute.

Nimekukumbuka mno. Pumzika sasa. Mwezi wa nane tutapita kaburini kwanza kukusalimu, kisha Hoza atatupeleka kwenye ule mvule, kama bado umesimama. Nakuahidi nitakaa chini kama ulivyoniambia, na sitainuka mpaka nione.

Kisha nitarudi kwako nikujibu.

Mwanao,
Rehema