Nilichokuambia Kuhusu Damu Yako

Baba Shija,

Sauti ya Shija imekuwa nzito kama yako. Jana aliniita kutoka uani, nikaitika "Abee!" na nikainuka kabisa. Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka kuwa hupo.

Kuna neno sijakuambia miaka yote hii. Unayakumbuka yale mafua yako ya msimu wa pamba? Nilikutoboa kidole mwenyewe pale maabara ya hospitali, nikatazama kwenye hadubini, malaria sikuiona. Nikasema, "Damu yako safi. Mafua tu hayo." Ukaniambia kifua kizito, ukipanda ngazi za stoo unahema. Nikakucheka, Baba Shija. Nikakucheka! Kesho yake ukaenda jineri kubeba marobota ya pamba. Saa nne asubuhi wakaja kuniita, nikakukuta umeshakata roho.

Mwaka huu nilipelekwa kozi Mwanza. Mkufunzi akatueleza kwamba virusi vya mafua, mara chache, huushambulia hata moyo. Msuli wa moyo ukiumia, vimeng'enya vyake huvuja vikaingia kwenye damu, na kipimo chake kipo. Hadubini haiwezi kuvionyesha. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi nilitoka nje, nikashika ukuta.

Mwezi uliopita akaja mwalimu mmoja, binti wa Bugarama. Mafua wiki nzima, malaria hana. Alishajifunga khanga aondoke. Nikamuuliza, "Ukitembea je?" Akasema, "Nachoka, dada. Hata kufuta ubao nahema." Nilikwenda kwa daktari nusu nakimbia. Akamsikiliza moyo, akamlaza siku ileile, damu ikapelekwa Mwanza. Majibu yaliporudi, vimeng'enya vilikuwa juu sana. Juzi ametoka kwa miguu yake. Alinishika mikono yote miwili, nikalia, akadhani ni furaha.

Na furaha ilikuwepo. Ila nilitamani aliyepona angekuwa wewe. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Mama yako hajawahi kunilaumu. Kila nikifika kwake Segese hunipikia michembe ya viazi vikavu, huniita mwanangu, wala hajui nilikuambia nini siku ile. Jumamosi nitakwenda. Nitamweleza yote kwa mdomo wangu, kabla sijagusa chakula chake, na akinifukuza nitaondoka.

Pumzika, mume wangu. Hilo la Jumamosi nakuahidi.

Mkeo,
Mama Shija