Kumdai Tshepiso kwa Wazazi Wake

S.L.P. 41,
Mmadinare,
Botswana.
9 Juni 1997

Mpendwa mdogo wangu Keneilwe,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye kijiji hiki kingeshafungwa kama duka. Hata chifu kesi ikimshinda hunitazama mimi kwanza. Kifua chako kimepoa huko Johannesburg? Kazi ya hospitali isikumalize. Sisi wazima, ila mama na goti lake.

Habari kubwa ni ya mwanao. Oratile na Tshepiso wa jirani, waliocheza vijiwe kila mapumziko tangu darasa la kwanza, hawachezi tena. Tshepiso ameshikamana na mtoto mgeni, Wame. Oratile anakula andazi lake peke yake nyuma ya tangi la maji, na Jumatatu aligoma kwenda shule.

Mimi sidanganyiki. Nikajua kuna mkono wa mtu. Huyo Wame ana peremende kila siku. Nani anampa, na kwa nini? Mama Tshepiso naye siku hizi ananisalimu mbio mbio. Mwalimu amebadilisha madawati. Yote hayo wiki moja!

Basi Jumanne nikavaa koti, nikabisha hodi kwa kina Tshepiso kabla ya jua, kama mjomba anavyotakiwa akienda kwa ukoo mwingine. Sijafungua mdomo, wameshamwita mjomba wao na kumficha binti yao mkubwa chumbani, kama anayeposwa.

"Umekuja na ng'ombe wangapi, rra?" baba Tshepiso akauliza kwa heshima.

"Ng'ombe wa nini? Nataka Tshepiso arudi kucheza vijiwe na wetu!"

Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Hata kicheko kile sikukiamini.

Kuanzia hapo kila mapumziko nikawa nasimama kwenye ua wa shule, nikimkazia Wame jicho hili hili lililomrudisha simba kule Tuli. Alhamisi Oratile akanijia.

"Mjomba, nenda nyumbani. Wame anataka tucheze watatu, ila anakuogopa wewe."

Nikamuuliza nani kamtuma kusema hivyo. Akasema hakuna. Bado nachunguza. Lakini Ijumaa alirudi na magoti yamejaa vumbi, anaimba, na leo kaamka mwenyewe kwenda shule.

Msalimie shangazi Gaone na watoto wake. Mungu akutangulie kila zamu.

Na kabla mama hajakuandikia: Alhamisi ile sikuondoka shuleni mwenyewe. Mwanao alinishika mkono akanivusha barabara, shule nzima ikitupigia makofi.

Ndimi kaka yako, nikupendaye daima,
Mothusi