Saa ya Mama Mkononi mwa Fundi

4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kwa wingi. Tunaamini u mzima na kazi inakwenda. Sisi hatujambo, ukiacha masikio yangu ambayo sasa yamegoma kabisa. Ukipiga simu nasikia kama mtu anakaanga kitu. Ndiyo maana naandika kwa kalamu. Jirani yangu, yule mama wa duka la simu, anapiga picha karatasi na kukutumia, na zako ananichapia, na kila mara anacheka kwamba anatuma barua ya mtu aliyeachwa na karne.

Habari kubwa ni kwamba mama yako amepewa saa. Hospitali inawavalisha wagonjwa wote wanaosubiri kupasuliwa moyo. Daktari alinieleza kwa kuandika, maana kunipigia kelele kulimchosha. Saa inakaa mkononi mchana na usiku, inasikiliza mapigo, inayapeleka kwenye kompyuta yao, na kompyuta ndiyo inayopanga nani atangulie. Aliyezidiwa anapanda, mwenye nafuu anasubiri. Hakuna tena cha shemeji wala binamu kupenyezwa mlango wa nyuma. Hilo nililipenda sana. Mama yako yuko karibu na juu, na wanasema huenda akaitwa mwezi wa nne.

Lakini kama saa, mwanangu, ile si saa. Haina mishale, haina ufunguo, haina hata pa kuingiza bisibisi. Niliigeuza na kuigeuza mpaka mama yako akaninyang'anya. "Fundi, hii si ya mteja," akasema. "Hii ni yangu."

Kibandani ni vilevile. Watu wanatazama saa kwenye simu, na wanaonijia ni wazee wenzangu wanaotafuta pa kupiga soga. Juzi nimemtengenezea mwalimu mmoja mstaafu, na saa yake ninayo mkononi hivi sasa. Unaijua kawaida yangu, simrudishii mtu saa kabla sijaivaa mwenyewe nikaridhika nayo. Ikikosea mkononi mwangu, ugonjwa ni wa saa. Isipokosea, ugonjwa ni wa mvaaji. Mama yako anasema nikivaa saa mbili naonekana kama mwizi.

Anakusalimu sana. Siku hizi akitoka getini anapumzika kwenye ngazi kabla hajafika mlangoni, halafu anasingizia viatu.

Ni mimi,
Baba yako

---

12 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya mama umpelekee mkononi, usiitupe kwa mbali kama kawaida yako. Mimi ni mzima.

Nesi aliniunganisha, kwa hiyo moyo wa mama ninao kwenye simu yangu. Asubuhi kabla sijapiga mswaki nautazama. Rangi ya kijani ni salama, njano ni wasiwasi, nyekundu ni hatari. Wa mama mara nyingi ni mwekundu. Naogopa nikiuona hivyo, na wakati huohuo najua wekundu ndio unaompandisha kwenye foleni, basi sijui niombe nini. Hebu fikiria mtoto anayeamka akitumaini mama yake aonekane mgonjwa.

Kazini wameleta programu ya kupokea simu za wateja badala yetu. Mimi nimechaguliwa kuifundisha. Nakaa kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji nasoma sentensi moja mara nyingi, "Naelewa wasiwasi wako, tafadhali nipe muda mfupi." Nasoma kwa huruma, nasoma kwa furaha, nasoma polepole. Wenzangu wananitania kwamba namnyonyesha mtoto atakayenifukuza nyumbani.

Mwambie mama aache kusingizia viatu.

Wako,
Mwanao

---

7 Machi

Baba,

Shikamoo! Mnaendeleaje? Mimi leo nimecheka peke yangu kwenye kituo cha basi mpaka watu wakasogea mbali nami.

Mama ni kijani! Tangu Jumatatu sijaona nyekundu hata mara moja. Mapigo yametulia, usiku analala, hata nikitazama wakati anapika yako sawasawa. Mmempa nini? Ni zile dawa mpya, au umeacha kumbishia? Nimewaonyesha wenzangu wote kazini. Jana nimelala usingizi ambao sijaulala tangu nije huku ng'ambo.

Niandikie haraka.

Mwanao mwenye furaha

---

13 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, na barua yako imetuchekesha.

Sikutaka kujisifu lakini umenichokoza. Hiyo si dawa, ni kazi ya baba yako. Ile saa ilikuwa imeharibika. Ilianza kutetemeka na kuwaka mwanga mwekundu kila wakati, mama yako akiinama, akipanda ngazi, akigeuka kitandani. Yeye mwenyewe anasema hasikii chochote kipya, ni uchovu wake uleule. Nikajua hii ni saa inayokimbia. Nimeziona za namna hiyo maisha yangu yote.

Nikamvua saa akiwa ananung'unika. Mgongo wa saa nimeusafisha kwa spiriti, maana ulikuwa umejaa mafuta ya kujipaka, kisha nikaivaa mwenyewe niijaribu. Mwanangu, tangu hapo haijatetemeka! Nimetembea nayo, nimelala nayo, nimepanda nayo ngazi za sokoni. Hawa watu wa kompyuta wanatengeneza vitu bila kufikiria mafuta ya kujipaka.

Nataka itulie vizuri, Jumapili nitamrudishia mwenyewe.

Fundi bado yupo,
Baba yako

---

13 Machi, jioni

Baba,

Mvalishe mama saa. Sasa hivi, ukimaliza kusoma mstari huu.

Baba, haikuwa mbovu. Ulichokuwa unakiona ni moyo wa mama. Na mimi wiki hii yote nilikuwa nafurahia moyo wako.

Leo mchana nimepata ujumbe wa hospitali na sikuuelewa mpaka niliposoma barua yako. Unasema, "Tunafurahi kukujulisha kuwa hali ya mgonjwa imeimarika. Nafasi yake imetolewa kwa mwenye uhitaji mkubwa zaidi." Wamemshusha mpaka chini kabisa.

Nendeni hospitali kesho asubuhi, mwonane na mtu mwenye macho, mweleze yote. Nakuomba usijilaumu, jilaumu baadaye. Sasa nendeni.

Mwanao

---

20 Machi

Binti yangu,

Salamu. Mama yako yupo, amekaa hapa pembeni. Mimi sina la kusema juu ya afya yangu.

Tulikwenda. Tulikaa kwenye lile benchi refu mbele ya mashine inayotoa namba. Nesi alitupokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, na alipoelewa nilichofanya akaweka mkono mdomoni. Akabonyeza skrini yake kila mahali. Haikumkubalia. Akatupeleka kwa daktari, naye akampima mama yako kwa kile kipimo chao cha shingoni, akasema kwa mdomo wake, na akaniandikia pia, kwamba huyu ni wa kupasuliwa upesi. Nikafurahi. Nikamwambia basi mrudishe juu. Akaniandikia tena, na karatasi ninayo: "Foleni haiko mikononi mwetu. Naweza kutuma ombi tu."

Nikamuuliza ombi linasomwa na nani. Akaonyesha kompyuta.

Inataka imtazame upya. Kwa kuwa ilimwona mzima, sasa haiamini haraka kwamba ni mgonjwa, inadhani wekundu huu ni wa kupita. Daktari anasema tuwe na subira ya wiki kadhaa. Nilitaka kugombana, lakini nigombane na nani? Wote walikuwa upande wetu. Nesi alitusindikiza mpaka mlangoni akiwa na machozi.

Mwanangu, nimesema maneno yale kibandani miaka yote, kwamba isipokosea mkononi mwangu ugonjwa ni wa mvaaji. Nimewaambia wateja, nimekuambia wewe. Saa ikatulia mkononi mwangu, jibu likawa mbele ya macho yangu, nami nikasifu spiriti. Nadhani sikutaka kulijua.

Mama yako hajanikaripia. Njiani kurudi alisimama kupumzika, akanishika shati akacheka, "Angalau nimejua fundi ana moyo. Miaka yote nilikuwa najiuliza." Nami nikalia barabarani, watu wakapita.

Baba yako

---

2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Natumaini amepata usingizi kidogo, ingawa simu yangu inaniambia hakupata.

Nimepiga simu hospitali kila siku. Anapokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Namweleza yote, na nikifika mwisho ananiambia, "Naelewa wasiwasi wako, tafadhali nipe muda mfupi." Baba, sentensi ileile. Si sauti yangu, watakuwa wamefundisha mwingine kwenye chumba kingine, lakini najua jinsi ilivyotengenezwa. Najua maneno ambayo mtu akiyasema humtoa kwa programu na kumpeleka kwa binadamu, maana kwetu niliyarekodi mwenyewe. Nikayasema yote. Ikanishukuru, ikakata.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Ombi langu limo kwenye mfumo wa uhamiaji wa huku, linaonyesha neno moja tu, "linashughulikiwa". Nikija bila ruhusa sitaruhusiwa kurudi huku, na mama amenikataza kwa ukali kupitia kwa jirani. Alisema nisimletee msiba kabla ya msiba.

Nakaa na simu mkononi nautazama moyo wake ukienda mbio. Naujua kuliko daktari yeyote. Sina la kuufanyia.

Mwambie anapanda. Jana amepanda kidogo kwenye foleni. Mwambie avumilie.

Mwanao

---

30 Aprili

Binti yangu,

Jirani alikupa habari kwa simu, kwa hiyo unajua. Nisamehe kwamba sikuweza kuandika mapema.

Alikuwa anaanua nguo. Alinipa shuka nishike upande mmoja tulikunje, kama tunavyofanya siku zote, upande wake ukaanguka. Nilidhani ananitania. Saa ilikuwa mkononi mwake inawaka na kutetemeka juu ya majani, ikifanya kazi yake vizuri kabisa.

Tumemzika. Watu walikuja wengi, hata nesi yule alikuja, akasimama nyuma. Aliniandikia kwamba siku ile mama yako alikuwa amebakiza watu wawili mbele yake. Sijui kwa nini aliniambia. Nadhani alitaka kunipa kitu na hakuwa na kingine.

Usijisumbue kuhusu ruhusa. Kaa ufanye kazi.

Hospitali wanaidai saa yao, kuna mgonjwa mwingine anaisubiri. Nitaipeleka. Ila mwanangu, baba yako hajawahi kurudisha saa bila kuivaa, na mkono wake umezoea kuwa na kitu. Nimeivaa tangu jana. Ukifungua simu yako utaona moyo wa mama yako unapiga. Usishtuke, ni mimi.

Baba yako

---

5 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Umekula? Nakuuliza kwa sababu najua hujala.

Nimeuona. Jina juu ni la mama, mapigo chini ni yako. Asubuhi ya kwanza niliitupa simu kitandani. Siku ya pili nikaikodolea macho mpaka nikachelewa kazini. Sasa naamka na kuutafuta.

Usiirudishe bado. Najua kuna mgonjwa anaingoja na najua ni dhambi kusema hivi. Siku chache tu. Hunisikii kwenye simu, nami sina njia nyingine ya kukaa na wewe.

Kazini wametuaga. Programu imehitimu. Wametupigia makofi. Na ombi langu la kuja bado "linashughulikiwa".

Mwanao

---

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujajibu barua yangu, na sasa sina muda wa kukubembeleza.

Umekuwa mwekundu. Ulianza njano wiki iliyopita, nikasema ni majonzi, nikasema ni ngazi za sokoni. Tangu juzi ni nyekundu mchana kutwa, hata ukiwa umelala. Mbio kidogo, kimya, mbio tena. Mapigo ya namna hii ninayajua.

Na leo hospitali imeniandikia: "Nafasi ya upasuaji imepatikana. Mgonjwa afike kesho asubuhi." Jina ni la mama. Baba, wameipata nafasi. Mashine imeamini mara moja.

Nenda. Nenda na saa mkononi, usiivue. Wakikuuliza jina la mgonjwa, mtafute yule nesi, umwonyeshe mkono wako, atakuelewa. Usiseme ni saa mbovu. Nakusihi, usiisafishe kwa spiriti. Isipokosea, ugonjwa ni wa mvaaji. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nijibu leo.

Mwanao

---

19 Mei

Baba yangu,

Shikamoo.

Simu yangu tangu jana haionyeshi rangi yoyote. Imeandika tu kwamba hakuna mapigo yanayopokelewa, niangalie kama saa imevaliwa vizuri.

Jirani amesafiri kufuata bidhaa. Anasema akirudi tu atakuja kukugongea, naye anajua kwamba hodi huisikii, atasukuma mlango. Nimepiga simu hospitali kuuliza kama ulifika. Yule mwanamke ananielewa, ananiomba muda mfupi.

Huenda umeirudisha. Wewe si mtu wa kukaa na kitu cha mwenyewe, na nilikuomba siku chache, nazo zimepita. Huenda uko kibandani sasa hivi na kioo chako jichoni, na saa ya mzee mwenzako mkononi, na barua yangu hujaisoma kwa sababu jirani hayupo wa kuichapa.

Kama umeivua, niandikie tu kwamba umeivua. Neno hilo moja linatosha, hata usiponisalimia.

Mwanao