Unene wa Kidole

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hivi miguu yako imeota mizizi huko? Mvua zimekuja zimeondoka, nami nakuulizia kwa watu kama mzigo uliopotea. Haya, u mzima? Unakula? Ganzi ya mikono imekwisha? Mimi mzima, ila siku hizi sindano natungiwa. Anayeniandikia ni mama yako, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia asinilainishie hata neno moja.

Baiskeli yako ya mbio iko palepale, nyuma ya cherehani. Kocha wako alipita kukuulizia. Akasema ulimwambia unaacha kwa sababu mwili wako una kasoro, hukuumbiwa baiskeli. Jambo hilo halimwingii akilini. Alikupima mwenyewe, akashusha kiti, ukazunguka uwanja unacheka. Kesho yake ukarudi nyonga zinayumba, kiuno kinawaka, vidole havishiki breki. Akakishusha tena, ukabandika utepe mwekundu kwenye nguzo ya kiti usipoteze kipimo. Wapi! Maumivu yaleyale. Mwishowe akakwambia unadeka, na mimi kwa mdomo wangu huu mrefu nikaitikia kwamba ndiyo, unadeka.

Majuzi nikatoa sketi zako kabatini nizianike. Unanijua, nguo ya mtoto naiachia pindo nene, akirefuka nilifumue. Zako zote nimeshona hivyo, hata ile ya mwisho. Nikazigeuza. Mapindo yote umeyakata, ukayashona upya kwa mkono, mishono midogo ya mtu asiyetaka kumuudhi bibi yake. Nikakaa kitandani nazo mapajani. Mtu mzima mwenye kazi yake, na mimi bado namshonea nguo za kurefukia.

Sasa nisikilize, na usiichane barua. Kiti kile nilikuwa nakipandisha mimi. Alfajiri, wewe umelala, nachukua spana ya cherehani, nakiinua unene wa kidole. Nilisema moyoni, mtoto bado anakua, hawa wanambana, tumwachie nafasi. Ulipobandika utepe, nikauhamisha nao, nikausugua kwa ukucha ukae kama ulivyouweka. Hapo sina cha kusingizia. Ukirudi unachechemea, nakukanda kiuno kwa maji ya moto huku nakuita mlegevu. Siku moja wazo lilinijia kwamba labda ni kile kiti. Nikalifukuza, maana ningelazimika kusema. Nikakuacha uuchukie mwili wako ili mimi nisiaibike.

Mama yako ameweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aliandike na hilo.

Huna kasoro, mjukuu wangu. Wewe ulikoma kukua zamani. Mimi ndiye sikutaka kuona. Kocha nimemweleza yote, uso nimeuficha kwenye khanga. Amesema nafasi yako ipo.

Mama yako anakusalimu sana, ingawa leo mimi hana salamu nami. Shangazi yako naye anakuulizia.

Ukija, njoo na spana yako, yangu nimempa kocha aondoke nayo. Utapanda kitini, nami nitashika usukani usianguke. Kipimo utasema wewe, utepe utabandika wewe. Nikifungua mdomo kusema utarefuka, nitupie sketi nikate pindo.

Ni mimi bibi yako, mwenye kidole hicho.