Rundo la Theluji Nyuma ya Chumba cha Harriet

Alhamisi, 9 Januari 2014
Al Barsha nzima, hapa Dubai, hakuna anayeijua theluji kunishinda mimi. Miaka miwili nimeisukuma kwa koleo kule Norwe, mlangoni kwa balozi!

Haya, uongo. Hata Maskati sijafika. Theluji yangu mimi ni ya kukwangua friza la samaki, sokoni Deira. Lakini Madam, mwenye nyumba, aliuliza nani anajua kuiondoa, na mlinzi wa miaka sabini na moja asiyejua kitu hurudishwa kwao. Nikanyoosha mkono.

Sir, mumewe, kaleta malori matatu ya barafu ya kusagwa, bethidei ya mtoto. Watoto wamecheza nusu saa, wakaanza kulia baridi. Khalas, ikaishia hapo.

Ijumaa, 10 Januari
Madam hataki chumvi — itaua mitende. Hataki dawa. Maji ya moto pia hataki, eti uharibifu. Anataka njia isiyodhuru mazingira. Nikakohoa kibalozi. Nikasema kule Norwe tunairundika kivulini, tunaifunika magunia, inayeyuka polepole, inanywesha miti. Alivyofurahi!

Mimi na Hudson, dereva, tumesukuma mpaka viuno vikalia. Kivuli kiko pahala pamoja tu: nyuma ya chumba cha Harriet, mtumishi wa ndani. Rundo limeziba dirisha lake.

Jumapili, 12 Januari
Mitende imekunywa. Madam kaleta shoga zake watatu wapige picha. Kanionyesha kama ngamia wa mashindano — huyu ndiye mtaalamu wetu! Nikainama.

Harriet, aniitaye Jajja, babu kwa Kiganda chao, anasema ukuta wake unatoka jasho. Nikamwambia hata wewe ungetoka jasho ukiegemewa na mnene vile. Kacheka, kashika mbavu.

Jumanne, 14 Januari
Nimezunguka nyuma. Maji hayaendi tena kwenye mitende. Yanaingia chini ya ukuta wa Harriet, yanatokea upande wa pili na mchanga. Mchanga mwingi. Nimetia kijiti shimoni — kimezama chote. Nimetia fimbo yangu.

Nayo.

Jumatano, 15 Januari
Ufa ukutani kwa Harriet. Jana haukuwepo. Kidole kinapita.

Nimejaribu kulihamisha rundo — limegandamana, jiwe! Koleo limepinda. Nikaenda kumwambia Madam. Nikamkuta kwenye simu, anamsifu mtaalamu wake wa Norwe. Nikaomba sukari, nikarudi.

Ijumaa, 17 Januari, saa nne asubuhi
Wakubwa wako kambini jangwani, Hudson kawapeleka. Simu hawapokei. Harriet leo ana mapumziko, amelala, kajikomea kwa ndani. Ufa sasa unameza mkono.

Nimegonga. Nimesema ukuta unaanguka, toka!

"Jajja, leo sitoki. Wiki iliyopita ulisema nyoka."

Kweli, nilisema nyoka. Nikamwapia. Nikamwambia na Norwe pia uongo, sijafika, sijui kitu mimi, rundo lile ni kosa langu. Kacheka zaidi!

"Eh, sasa hata Norwe hukufika! Yalla, nenda kalale, Jajja."

Nimesukuma kwa bega. Mlango umeanza kubanwa na ukuta wenyewe; akitoa komeo avute, nami nisukume, utafunguka. Nimepiga zimamoto, wanasema wako njiani. Naandika hapa kizingitini nikiwasubiri. Chokaa inadondoka kwenye daftari.

Kuna sauti ndani ya ukuta. Kama mtu anayetafuna karafuu.

Nimeacha kupiga kelele. Nimeweka mdomo penye tundu la ufunguo, nimesema taratibu: Harriet, mjukuu wangu, Jumatatu ulipoumwa kichwa nani alikupigia pasi mashuka yote ya wageni? Ukaahidi utanikata kucha za miguu, maana mgongo haunifikishi. Nimeshavua viatu. Nimekaa hapa nje, mguu nimeunyoosha. Njoo unikate. Kucha za mguu mmoja tu.